Gitaa la Gélase Halisikiki

Mwantum hakuwa na desturi ya kumwuliza mtu redio yake inaumwa nini. Alimwambia aiwashe tu, akainamisha kichwa, sikio la kushoto likaelekea kwenye spika, na mkono wake ukaanza kutafuta bisibisi kabla mwenye redio hajamaliza maelezo. Watu wa mtaa wa Buyenzi walikwisha kumzoea. Mwanzoni haikuwa hivyo. Mumewe Atumani alipokwenda Uvira, ng'ambo ya mpaka, kutafuta vipuri, mwaka wa tisini na sita, na asirudi, wateja walichungulia dukani, wakamwona mwanamke peke yake nyuma ya meza, wakasema watapita kesho. Lakini vita havikuwapa watu nafasi ya kuchagua. Kila nyumba ilitaka kusikia habari asubuhi na jioni, ijue barabara ipi imefungwa na mtaa upi umepigwa risasi, na redio zilikuwa zilezile za zamani kwa sababu vikwazo vya biashara, ile embargo, vilizuia mpya kuingia. Aliyejua kuzifufua alikuwa yeye. Wakarudi.

Jumatano moja ya mwezi wa sita, mwaka wa tisini na nane, aliingia dukani mwanaume wa makamo, mrefu, suruali yake imepigwa pasi ikanyooka kama rula. Hakubeba redio. Alitoa mfukoni kaseti moja iliyofungwa ndani ya leso, akaishika kwa mikono miwili.

"Bonjour, mama. Ni we fundi?"

"Ni mimi. Karibu, papa. Ukae."

Akakaa. Alijitambulisha kwa jina la Gélase, mchoraji wa ramani za viwanja, mkazi wa Mutanga Sud. Aliongea kwa sauti ya chini mno, mpaka Mwantum akalazimika kuegemea mbele ili amsikie.

"Redio yangu haina shida," Gélase alisema. "Mi niko na shida ya hii kaseti. Nimerekodi gitaa pale nyumbani, mara nane sasa, na kila mara inatoka vibaya. Sijui kosa liko wapi."

Mwantum aliitia kaseti kwenye mashine yake, akabonyeza. Kwanza ulitoka mvumo mzito, kama nyuki waliofungiwa ndani ya mtungi. Juu ya mvumo kulikuwa na mchakacho usiokoma, kama mvua inayonyesha kwenye mabati ya mtaa wa pili. Kisha, mbali kabisa, kana kwamba mtu amejifunika godoro, zikasikika nyuzi za gitaa, na kila baada ya muda kitu kikapasuka: krak, krak.

Gélase alikunja uso. "Apa kwako iko mbaya zaidi kuliko nyumbani."

"Nyumbani inasikika muzuri kuliko apa?"

"Kidogo, ndiyo."

"Bon," Mwantum alisema, akaizima. "Iyo ni habari ya maana. Sasa uniambie, papa, unataka kuipeleka wapi? Maana kama ni ya kusikiliza we mwenyewe, tunaweza kuvumilia mambo mengine."

Gélase aliangalia mlangoni kwanza. Kisha akaeleza.

Alikuwa na mdogo wake, Marcellin. Katika miaka ya sabini na themanini wawili hao walipiga muziki kwenye arusi na kwenye hoteli za kando ya ziwa, Gélase akitunga na kupiga gitaa, Marcellin akiimba. Mwaka wa tisini na tano mtaa aliokaa Marcellin ulihamwa wote ndani ya siku mbili. Yeye, mkewe na watoto wakavuka kwenda Tanzania, na kwa miaka mitatu Gélase hakujua kama mdogo wake yu hai. Mwezi uliopita, mama mmoja anayeitwa Carmen, ambaye kazi yake ilikuwa kukagua dawa kwa ajili ya shirika la misaada, alirudi kutoka kwenye kambi za upande wa Kibondo na karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la vidonge. Gélase aliijua kwa moyo. Marcellin aliandika kwamba kila jioni anakusanya vijana wanaimba. Sauti anayo, gitaa hana. Amepata redio kaseti mbili, moja ya kuchezea na nyingine ya kunasia. Akaomba: nipigie nyimbo zetu sita, gitaa peke yake, na uniachie nafasi yangu.

"Carmen anaondoka tena Jumamosi," Gélase alisema. "Sijui atarudi kule lini."

Hakuna boksi la vidonge lililowahi kumfikia Mwantum kutoka Uvira. Alilisogeza wazo hilo pembeni, kama alivyozoea kulisogeza, akarudi kwenye kazi.

"Papa, unisikilize. Mudogo yako ataicheza hii kwenye mashine moja, ataimba, na mashine ya pili itanasa vyote. Kama makelele yako iko nusu ya kaseti yako, kwake itakuwa nusu mara mbili. Gitaa itakufa kabisa. Lazima itoke safi kwako. Kesho asubuhi nitakuja."

Alhamisi saa tatu alipanda kwa miguu kupitia Bwiza na Nyakabiga, mkoba wa vyombo begani, mtandio umefungwa vizuri. Mlango wa nyumba ya Gélase ulifunguliwa na mkewe Daphrose. Alimwangalia Mwantum, akaangalia barabara kushoto na kulia, akamwingiza, kisha akarudisha komeo polepole ili lisigonge.

"Amahoro, mama. Pole na mwendo." Naye aliongea chini chini. "Baba Orlane yuko ndani. Orlane ni mutoto wetu, anasoma Gitega. Tuko wawili tu hapa."

Nyumba ilikuwa safi na yenye giza. Mapazia yote yalikuwa yamevutwa ingawa jua lilikwisha kupanda. Gélase alikuwa amepanga vyombo vyake kwenye korido, katikati ya nyumba, mahali pasipo dirisha. Magodoro mawili yalisimama yameegemea kuta, moja kila upande. Mwantum hakuhitaji kuuliza. Kila mtu mjini alikuwa na korido kama hiyo, mahali pa kulala risasi zinapolia. Kati ya magodoro palikuwa na kigoda, ampli ndogo ya kukuza sauti, mikro ya kunasia sauti aliyoazima kanisani, na deki ya kaseti yenye sindano mbili za kupimia sauti. Gitaa lenyewe lilikuwa la mbao, lenye tumbo wazi, ambalo mtu fulani zamani alilitoboa akalitia mikro ndogo chini ya nyuzi.

"Tutaanza na ugonjwa mumoja mumoja," Mwantum alisema. "Tukitibu yote pamoja, hatutajua dawa gani imesaidia."

Akaanza na deki. Alifungua kidirisha cha kaseti, akachovya pamba kwenye spiriti, akasugua kichwa kile kidogo cha chuma kinachosoma utepe. Pamba ilitoka rangi ya kutu. Akachukua pamba ya pili, ya tatu, mpaka ikatoka nyeupe. Kisha akatia kaseti yake mwenyewe, ambayo aliijua kila mlio wake, akashika bisibisi nyembamba na kuigeuza skrubu moja ndogo pembeni ya kichwa, robo ya robo ya mzunguko, huku macho ameyafumba.

"Kichwa chako kililala upande," alimwambia Gélase. "Deki yako inaandika imelala na inasoma imelala, kwa hiyo yenyewe inajielewa. Mashine ya mutu mwingine imesimama wima, haielewi. Ndiyo maana kwangu ilikuwa mbaya zaidi. Na kwa Marcellin ingekuwa vilevile."

Gélase alitikisa kichwa taratibu. Alikuwa mtu wa kupima vitu, na maelezo hayo yalimwingia. "Mwezi muzima nilikuwa nalaumu kaseti za sokoni," alisema.

Ile krak, krak ilikuwa inatoka kwenye tundu la gitaa la kuchomekea waya. Mwantum aliingiza kioo kidogo tumboni mwa gitaa na kuona lehemu imepasuka, waya unashikilia kwa unywele. Ndani palikuwa na utando wa buibui na mavi ya panya.

"Hii gitaa ililala wapi?"

"Juu ya dari," Gélase alisema. "Muda murefu."

Akachomelea. Alipogusa chuma kinachoshika nyuzi, mvumo kwenye ampli ulipungua, alipoachia, ukarudi. Akatabasamu peke yake. Hilo Atumani alimfundisha katika wiki yao ya kwanza ya ndoa: ukigusa chuma na mvumo ukatulia, basi kuna waya wa ardhi umekatika, na mwili wako ndio umeshika nafasi yake. Akautafuta waya huo, akaukuta unaning'inia, akaurudisha mahali pake. Nusu ya mvumo ikatoweka. Nusu nyingine waliitafuta nyumba nzima. Walizima taa ndefu ya jikoni, ukapungua. Daphrose akachomoa frigo, ukapungua tena. Mwisho Mwantum akaona waya wa mikro umefungwa kamba pamoja na waya wa umeme, vimelala bega kwa bega urefu wote wa korido, akavitenganisha.

"Sasa nyuzi," alisema. "Hizi zimekufa. Huwezi kupata mpya?"

"Wapi, mama? Na embargo hii?"

"Basi tuzichemshe."

Daphrose, ambaye mpaka hapo alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni akiwa amekunja mikono, aliuliza kama amesikia vizuri. Alipohakikishiwa, alitoa sufuria. Wakazifungua nyuzi sita, wakazikunja mviringo, wakazitumbukiza kwenye maji yanayotokota. Baada ya muda maji yakawa na povu la kijivu, jasho na vumbi la miaka.

"Mungu wangu," Daphrose alisema. "Mikono ya Baba Orlane iko mu sufuria yangu."

Ilikuwa mara ya kwanza Mwantum kumwona akicheka. Aliziba mdomo kwa kanga mara moja, kana kwamba kicheko kimemponyoka.

Uzi wa kwanza, ule mwembamba, ulikatika walipoukausha. Gélase akatoka mpaka kwenye njia panda, kwa vijana wa taxi-vélo wanaobeba abiria kwa baiskeli, akarudi na kipande cha waya wa breki ya baiskeli. Waliusokotoa, wakachukua unyuzi mmoja, wakaufunga. Alipoukaza ulilia vizuri kuliko alivyotazamia.

Ilikuwa imebaki kurekodi. Gélase akakaa kwenye kigoda katikati ya magodoro, deki ikaanza kuzunguka, akapiga wimbo mmoja mpaka mwisho. Wakausikiliza. Mvumo ulikwisha. Krak ilikwisha. Lakini gitaa bado lilikuwa mbali, na ule mchakacho wa mvua juu ya mabati ulikuwepo palepale.

Mwantum akainama kwenye vyombo. Kitufe cha sauti cha ampli kilikuwa kwenye moja. Kile cha deki, cha kupokelea, kilikuwa kwenye kumi.

"Papa, ampli yako inanong'ona na deki yako inatega masikio mpaka mwisho. Deki ikitega masikio hivyo inasikia hata pumzi yake yenyewe. Huo muchakacho ni pumzi yake."

Akapandisha ampli mpaka nne. Daphrose akasogea hatua moja. Gélase akapiga tena, na sindano za deki zikatikisika kidogo tu, zikalala. Mwantum akapandisha mpaka tano. Zikatikisika, zikalala. Alikuwa bado amezikodolea macho, taa za deki zikazimika. Frigo ilikuwa imechomolewa, kwa hiyo hawakutambua mara moja. Kisha wakasikia redio ya jirani imenyamaza pia. Umeme ulikuwa umekatika.

Saa sita ikapita, ikaja saa saba. Daphrose alileta chai na ndizi za kupika na maharage, wakala wakiwa wamekaa kwenye korido, mlango wa salon, yaani sebule, ukiwa wazi kuwapa mwanga. Kwa desturi ya mtaa ule umeme ungeweza kurudi baada ya saa moja au baada ya siku mbili. Hakuna aliyetaja Jumamosi.

"Hebu nipigie bila umeme," Mwantum alisema baadaye. "Nataka kuisikia gitaa yenyewe."

Gélase akapiga. Mwantum akafumba macho kama kawaida yake, akasikiliza, akasubiri sauti ianze. Ilikuwa imekwisha kuanza. Gitaa lenye tumbo kubwa kama lile lilipaswa kujaza korido, na yeye alikuwa anasikia kama mtu anayekuna nguo. Akafumbua macho. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi aliuangalia mkono wa Gélase badala ya vyombo.

Kiganja cha kulia kilikuwa kimelala juu ya nyuzi zote, karibu na chuma, kinazizuia. Kidole gumba kiligusa uzi kwa nyama laini ya ncha, kikaondoka haraka kama kinachoogopa kuungua. Kushoto vidole vilikuwa vinacheza kwa ufundi mkubwa, vinapanda na kushuka, na kulia kiganja kilikuwa kinazima kila kitu kabla hakijatoka.

Alitafuta namna ya kusema. Mashine alijua kuziambia ukweli. Watu walikuwa kazi ngumu zaidi.

"Papa Gélase," alisema mwisho, "pale hotelini, zamani, ulikuwa unaweka mukono hivyo?"

"Hivyo namna gani?"

Mwantum akaonyesha. Gélase aliangalia mkono wake, akauangalia kwa muda, na Mwantum akaona kwamba kweli hakuwa anajua. Akakiinua kiganja, akapiga uzi mmoja wa besi. Ukalia, na kiganja kikarudi chenyewe, kikauzima.

"Sielewi," alisema. Akajaribu tena. Kiganja kikarudi tena.

"Ni mimi," Daphrose alisema.

Alikuwa ameshika sahani tatu mikononi, na hakuziweka chini alipokuwa anasimulia. Ilikuwa mwaka wa tisini na nne, mwezi wa tatu. Gélase alikuwa anafanya mazoezi jioni, kama kila siku, dirisha wazi. Jirani yao Maxime, mwalimu wa chuo kikuu, akaja mlangoni na wanaume wawili ambao hawakuwajua. Akasema, hapa watu wanalia, nyamazisha icho kitu. Hakusema zaidi, akageuka. Nyakati zile neno fupi kama hilo lilikuwa linatangulia mambo. Kulikuwa na nyumba mtaani ambazo watu walizihama baada ya neno moja tu mlangoni. Usiku ule walilala wamevaa viatu. Kesho yake Daphrose mwenyewe alipanda kwenye ngazi akalisukuma gitaa juu ya dari.

"Aliliteremsha baada ya mwaka," Daphrose aliendelea. "Na kila akipiga mi nasema, polepole, Baba Orlane. Shusha. Shusha bado. Mpaka nikawa sisemi tena, naangalia tu, na yeye anashusha. Mama, hiyo mukono ni yangu. Ni mimi nimeiweka pale."

Gélase akapangusa vidole kwenye suruali, kimoja kimoja. Mwantum alifikiri angefanya nini mahali pa Daphrose, akaona angefanya hivyohivyo, na labda gitaa angelichoma.

Daphrose akaweka sahani chini. Aliingia salon, akasukuma pembeni pazia la dirisha kubwa, kisha akafungua vioo vyenyewe. Vilikuwa vimeganda, akavipiga kwa kiganja mpaka vikaachia. Hewa ikaingia, na harufu ya majani yaliyokatwa.

"Njoo upigie huku," alimwambia mumewe. "Huko ndani na magodoro hakuna mutu anaweza kusikia kitu."

"Daphrose."

"Njoo tu. Marcellin anangoja."

Gélase akachukua kigoda akaja. Mwantum alimshauri akisogeze kiwiko mbele, mbali na chuma, ili hata kiganja kikitaka kurudi kisifike. Alianza kwa kusitasita, akakosea, akaanza upya. Ubeti wa pili besi ikaanza kutoka kifuani mwa gitaa. Ubeti wa tatu alikuwa anapiga kwa kucha, na ule unyuzi wa breki ya baiskeli ulikuwa unalia juu ya nyingine zote, mkali na mtamu. Mwantum alijikuta anatikisa goti. Hakuwa amekaa kusikiliza muziki tangu Atumani aende. Dukani kwake redio zilikuwa za kupimwa.

Walisikia geti linagongwa.

Mkono wa Gélase uliangukia nyuzi. Daphrose alisimama katikati ya salon, haendi mbele wala nyuma. Likagongwa tena, mara mbili, bila haraka. Mwantum akaona kati yao watatu yeye ndiye aliye karibu na mlango, na kwamba yeye, kama mgeni, hana historia na mtu yeyote mtaani. Akatoka akafungua.

Alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani, amevaa kandambili na sweta ingawa kulikuwa na joto. Alikuwa peke yake.

"Bonjour, madame. Mi ni Maxime, wa nyumba hii ya pembeni. Gélase yuko?"

Gélase alikuwa amekwisha kutokea kibarazani, gitaa bado mkononi, kama mtu aliyekamatwa nalo. "Mwalimu," alisema. "Utusamehe. Tulikuwa tunajaribu kitu kidogo. Tunaacha sasa hivi."

"Kuacha?" Maxime alishangaa. "Nilikuja kuuliza kama ni we. Nilimwambia bibi yangu, ile ni gitaa ya Gélase, akasema apana, Gélase aliacha muziki zamani, labda aliuza." Aliangalia uso wa Gélase, kisha wa Daphrose aliyesimama nyuma, na kitu kikamjia polepole. "Ni juu ya siku ile?"

Daphrose aliitikia kwa kichwa.

"Siku ile tulikuwa tumetoka kumuzika Eddy," Maxime alisema. "Mutoto wangu. Wale wawili ni shemeji zangu, walikuja na mimi kwa sababu nilikuwa siwezi kusimama muzuri. Nilisema unyamaze siku ile. Siku ile tu, Gélase." Alivua miwani akaipangusa kwenye sweta, na ilimchukua muda. "Miaka mine. Nami nikasema, huyu mutu hata pole hakuja kunipa."

"Tuliogopa kuja," Daphrose alisema.

"Nami nilikuwa naona mapazia yenu yamefungwa, nikaogopa kuuliza."

Gélase alishuka ngazi za kibaraza. Aliweka gitaa kwenye mkono wa kushoto, akampa jirani yake mkono wa kulia, na Maxime akaushika, hakuuachia haraka. Gélase akamwambia pole kwa ajili ya Eddy. Akaisema kwa Kirundi, maneno yote yanayostahili kusemwa kwa mfiwa, taratibu, bila kuruka hata moja, kama vile msiba ni wa jana. Maxime akayapokea moja moja. Mwantum aliingia ndani akawaachia nafasi.

Umeme ulirudi saa tisa na robo. Walikwisha kuhamishia vyombo vyote salon, mikro umbali wa hatua moja mbele ya ampli. Mwantum akaweka ampli kwenye tano, deki kwenye nne, akainua kidole. Gélase akapiga, na sindano zikaruka mpaka karibu na alama nyekundu, zikacheza hapohapo. Chini ya gitaa hapakuwa na nyuki wala mvua. Maxime alikaa kwenye kiti cha pembeni, ameombwa asikohoe. Kwenye wimbo wa nne alikohoa, wakaurudia.

Nyimbo sita zilikwisha kabla ya saa kumi na moja. Katika kila moja Gélase aliacha mahali patupu pa ubeti, akipiga besi peke yake, na Mwantum aliweza kuona midomo yake inatembea mahali pale. Daphrose akamsindikiza Mwantum mpaka mwanzo wa Nyakabiga ili awahi kufika kwake kabla ya kuvrefe, ile marufuku ya kutembea usiku, wakitembea wanaongea kwa sauti ya kawaida.

Carmen aliondoka na kaseti Jumamosi. Ikapita miezi minne.

Jibu lilipofika, Gélase hakulisikiliza peke yake. Alishuka mwenyewe Buyenzi kumwita Mwantum, na walipofika Mutanga Sud walimkuta Maxime na mkewe wamekwisha kukaa. Daphrose akabonyeza deki. Kwanza akawika jogoo, watoto wakacheka, mtu akawaambia watulie. Kisha gitaa la Gélase likaanza, dogo kidogo lakini wazi, kila uzi mahali pake, na Marcellin akaimba.

Sauti ilikuwa imekwaruza kuliko walivyoikumbuka. Gélase aliinamisha kichwa, akaacha machozi yashuke bila kuyapangusa. Lakini kwenye wimbo wa tano akainua uso, akamtazama Mwantum. Gitaa lilikuwa linashuka. Lilizama taratibu, uzito wa sauti ukiongezeka, kama mtu anayeteremka ngazi gizani, na Marcellin alikuwa anashuka pamoja nalo, nusu sauti, kisha sauti nzima, bila kuyumba, bila kulipita wala kuachwa nyuma. Watoto wa kiitikio wakapotea njia. Yeye hakupotea.

"Hii nini tena?" Gélase aliuliza. "Mi sikupiga hivyo."

"Mabuye ya redio yake, zile betri, yamechoka," Mwantum alisema. "Kaseti inazunguka polepole. Ulipiga muzuri, na yeye anakufuata."

"Anafuata muzuri," alisema Maxime.

Gélase akacheka, mkono kwenye paji la uso. Walisikiliza mpaka mwisho, wakairudisha, wakasikiliza wimbo wa tano peke yake mara mbili zaidi. Daphrose alikuwa amekwisha kuchukua kalamu. Carmen angesafiri tena mwisho wa mwezi, na Mwantum akamwambia aandike mabuye makubwa manane, yale ya bluu, na kwamba yeye mwenyewe atayapima moja moja kabla hayajaondoka.